Firimbi ya Pili

Siku mliponiaga pale kambini mlitaka niseme neno. Nikasema asante, nikala nyama yenu, nikaketi. Mliona mzee amechoka. Ukweli ni kwamba neno lenyewe lilikuwa refu, na wakubwa walikuwa wameketi mstari wa mbele. Sasa niko nyumbani Nyalenda, hapa Kisumu, sina gwaride wala zamu, na tangu Sikukuu ya Jamhuri ipite moyo wangu haujatulia. Kwa hivyo naandika. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nani alininyima. Hayo hayamsaidii mtu yeyote. Naandika juu ya bendera na firimbi, kwa sababu ndiyo kazi niliyoifanya sehemu kubwa ya maisha yangu, na kwa sababu ya mama mmoja anayepita mbele ya kambi yenu na nyinyi hamjui ni nani.

Nilipelekwa kambi ile, kando ya barabara ya Busia, karibu na soko la Otonglo, nikiwa kijana kutoka Maragoli. Buti zilinibana na Kijaluo sikujua hata salamu. Aliyenipokea ni Koplo Wekesa, Mbukusu mrefu, mkavu, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona akila hadharani. Hakuniuliza jina. Aliniuliza kama nimewahi kufua shuka.

"Ndiyo, afande."

"Shuka la nani?"

"Langu."

Akaniwekea bendera mikononi. "Hii si yako. Utaifua vizuri kuliko yako."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya serikali, kwa sabuni na karai, nikiwa nimekuja na ndoto za kushika bunduki.

Koplo alinifundisha mambo ambayo siku hizi sioni mkifundishwa. Asubuhi bendera hupanda haraka, jioni hushuka polepole. Kamba huvutwa mkono kwa mkono bila kuachia, maana ukiachia, upepo wa ziwani unaichukua bendera na kuizungusha kwenye mlingoti, na utapanda kuifungua wewe mwenyewe watu wakitazama. Isiguse chini. Ikilowa mvua ianikwe ndani ya nyumba, isiwekwe kwenye waya pamoja na suruali za ndani za askari. Mwenzetu mmoja alifanya hivyo na Koplo akakaa muda mrefu bila kumsemesha. Ikikunjwa, rangi nyeusi iwe juu. Nilimuuliza kwa nini nyeusi.

"Nyeusi ni watu," akasema. "Utaweka watu chini?"

Halafu firimbi. Firimbi ya kwanza ikilia, kila aliye karibu anasimama pale alipo. Bendera inashuka. Ikishafika mikononi, firimbi ya pili inalia, watu wanaendelea na shughuli zao. Ni hayo tu, mtoto wa shule ya msingi anayajua. Lakini kwa Koplo hayo yalikuwa makubwa kuliko hotuba zote. Alikuwa akiniambia, "Angalia. Yule wa Milimani na gari lake, yule wa Nyalenda na mkokoteni wake. Siku nzima hawajuani. Ni saa hii tu wanafanya kitu kimoja." Alisema hivyo mara nyingi mpaka nikaanza kumwamini, ingawa mwanzoni nilidhani ni upweke wa mtu asiye na familia karibu.

Nyinyi mmezoea kupuliza firimbi watu wakipita na simu masikioni. Wakati huo, wacha! Otonglo yote ilikuwa inanyamaza. Mwenye baiskeli anaweka mguu mmoja chini. Mama mwenye beseni la samaki kichwani anasimama na beseni lake. Mchinjaji anashikilia kisu hewani. Hata makanga wa matatu walinyamaza, na mnajua makanga. Ng'ombe tu ndio waliendelea kutembea, na Koplo alisema wasibughudhiwe, hawajawahi kupiga kura.

Tulikuwa na kesi zetu. Kulikuwa na mlevi mmoja ambaye kila jioni alipiga saluti kwa mkono ulioshika chupa. Tulimwacha, maana alisimama vizuri kuliko wazima wengi. Kulikuwa na bwana mmoja mkubwa aliyekataa kushuka kwenye gari, injini inaunguruma, anaangalia saa yake. Koplo alimaliza kazi, akapuliza firimbi ya pili, akaenda mpaka dirishani akamwambia, "Shikamoo, mzee. Tumekusubiri umalize haraka yako." Basi. Yule bwana alitafuta simu ya kumfukuzisha kazi lakini sijui iliishia wapi.

Lakini niseme ukweli wote. Watu hawakusimama kwa mapenzi tu. Kulikuwa na kambi nyingine ambako mtu akitembea wakati wa bendera alikuwa akila mateke. Kwetu Koplo alikataza kabisa. Hatukumgusa mtu. Sasa, mwananchi aliye barabarani atajuaje kwamba kambi hii ni ya mateke na hii si ya mateke? Anaona sare, na sare ni moja. Hilo sikulifikiria wakati ule. Nilianza kulifikiria baada ya jioni ninayotaka kuwasimulia.

Ilikuwa jioni ya kuamkia Jamhuri. Tulikuwa tumeletewa bendera mpya, kubwa, na kamba mpya ya nailoni, kwa sababu mkuu wa tarafa alikuwa anakuja kusoma hotuba kwenye uwanja wa shule kesho yake. Bendera ilikuwa nzuri jamani, rangi zake zilikuwa bado hazijaonja jua. Kamba ndiyo ilikuwa mbaya. Ilikuwa nene kuliko njia yake kwenye roda, kile kigurudumu cha juu ya mlingoti ambacho kamba hupitia. Asubuhi ilipita kwa kusukumwa. Koplo aliiangalia akasema kesho baada ya sherehe tutarudisha ile ya katani.

Jioni ikafika, Koplo akapuliza firimbi ya kwanza. Mimi nikaanza kuvuta. Mnajua tunavyosimama: nyuso kwenye bendera, migongo kwenye barabara. Ilishuka vizuri mpaka nusu, ikakwama. Nikavuta, ikagoma. Kamba ilikuwa imeruka ikaingia kati ya roda na chuma chake, ikabanwa. Bendera ikaning'inia nusu mlingoti, mahali inapowekwa taifa likiwa na msiba.

"Usivute kwa nguvu," Koplo akasema bila kugeuka. "Utaikata."

"Nifanye nini, afande?"

"Panda."

Nikavua buti, nikakumbatia ule mlingoti, nikapanda kwa mikono na magoti. Nilikuwa mwepesi enzi hizo. Nilipofika juu nikafanya kazi na kile kisu changu kidogo, nasukuma uzi mmoja mmoja utoke. Koplo alikuwa chini na firimbi mdomoni. Firimbi ya pili haipulizwi bendera ikiwa bado juu. Hiyo ndiyo kanuni na hakuna aliyewahi kutufundisha nyingine.

Nilipumzisha mikono kidogo nikatazama barabara. Mimi peke yangu ndiye niliyeweza kuiona yote. Watu walikuwa wamesimama pande zote mbili, wengi, kimya. Mama wa samaki alikuwa wima mbele ya karai lake, samaki wanaungua, moshi unampiga usoni, na hakusogea. Karibu na kituo cha matatu, mkabala na zahanati, alisimama mama kijana mwenye leso ya kijani, amebeba mtoto amelala begani. Nilimwona vizuri. Nikajiambia, hata huyu na mtoto wake! Kifua kikanijaa. Nikasema moyoni, hii ndiyo nchi.

Kamba ikaachia. Nikateremka, bendera ikafika mikononi, Koplo akapuliza. Barabara ikaamka, kelele zikarudi, mtu mmoja akapiga kelele kwa utani kwamba mwaka ujao tununue ngazi. Tulicheka. Hata Koplo alitabasamu.

Bado nilikuwa sijavaa buti nilipomwona sista wa zahanati akivuka barabara kuja kwetu na aproni yake. Hakusalimia.

"Nani alikuwa na hiyo firimbi?"

"Mimi," Koplo akasema.

"Mtoto wa Mama Onyango amekata roho. Amenifikia ameshakata. Alikuwa na degedege. Mama yake anasema alikuwa amesimama kwa sababu ya bendera."

Koplo aliitia firimbi mfukoni. Halafu akauliza, "Angefika mapema angepona?"

"Mimi si Mungu," sista akasema. "Lakini dawa ya degedege ilikuwa hapo mezani kwangu." Akageuka akaenda zake.

Mnajua zahanati ile ilipo. Pale aliposimama, mlango wake aliuona. Hakuna mtu aliyemshika. Hakuna aliyemwambia simama. Alikuja mbio kutoka upande wa ziwani, akasikia firimbi, akasimama kama alivyofundishwa shuleni, akasubiri firimbi ya pili, nayo haikuja. Waliokuwa kando yake walidhani mtoto amelala, kama mimi nilivyodhani. Walisema baadaye kwamba alikuwa akimpigapiga mgongoni polepole.

Koplo alinipokonya bendera akaikunja mwenyewe. Mara ya kwanza aliikunja vibaya, akaifungua, akaikunja tena.

Kesho yake tulipiga gwaride kwenye uwanja wa shule. Watoto waliimba wimbo wa taifa, hotuba ikasomwa, ikasema wajibu wa mwananchi ni kuheshimu alama za taifa lake. Aliyeiandika hakuwa na kosa, hakujua. Uwanja ulijaa vitambaa vya rangi, na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Baada ya mazishi yule mama alikuja kambini. Watu walikuwa wameanza kumwita Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma, kwao alikozaliwa, kwa sababu Onyango ndiye alikuwa mtoto wake wa pekee na ulimi wa mtu unasita kumwita mama kwa jina la marehemu. Koplo peke yake aliendelea kumwita Mama Onyango. Tulimpa benchi, akakataa. Alisimama mlangoni na ile leso ya kijani.

"Afande, mimi sikuja kugombana," akasema. "Nauliza tu."

"Uliza, Mama Onyango."

"Ile jioni. Kama ningetembea, ungenishika?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale na kikombe cha chai. Kwa ujana wangu nilitaka kumjibu haraka: hapana, mama, nani angekushika na mtoto mgonjwa? Nilidhani hiyo ndiyo faraja. Namshukuru Mungu Koplo alitangulia.

"Ningekushika," akasema.

"Hata na mtoto?"

"Hata na mtoto."

Mama alimwangalia. Macho yake yalikuwa na hasira, na nilivyoona, ilikuwa hasira yake ya kwanza tangu msiba. Akatema mate kwenye buti za Koplo, akaondoka.

Nilimvamia Koplo kwa maneno. Nilimuuliza kama amerukwa na akili. Nikamwambia hatujawahi kumshika mtu kwa jambo hilo, hata yule mkubwa wa gari.

"Wewe ni mjinga sana," akaniambia, lakini kwa upole. "Ningemshika kweli? Ningemvusha barabara mimi mwenyewe, na bendera ingengoja. Lakini ukimwambia angeweza kupita, umemwambia nini? Umemwambia ni yeye aliyesimama. Atalala vipi? Wacha iwe ni mimi."

Alifuta buti zake kwa jani. Nilidhani mambo yameisha hapo. Kumbe mama alikuwa mtu wa kutaka kuhakikisha.

Jioni iliyofuata, firimbi ya kwanza ilipolia, watu wote wakasimama, naye akatokea upande wa soko akitembea. Peke yake, katikati ya barabara, polepole, mikono mitupu. Alipita mbele ya kambi, akafika zahanati, akageuka akarudi. Hakutazama bendera, alimtazama Koplo. Firimbi ya pili ikalia, akaenda nyumbani. Koplo alijifanya hakumwona.

Kesho yake akafanya hivyo tena. Na tena. Watu walianza kunong'ona. Wengine walisema amechanganyikiwa, wengine walisema anatutia adabu. Mimi nilisema tumwache, amefiwa, atachoka. Lakini Koplo alielewa, na alikuwa anadhoofika mbele ya macho yangu.

"Anatafuta jibu," akaniambia. "Nilimwambia ningemshika. Kila akipita na sijamshika, nimemwambia nilidanganya. Nimemwambia angeweza kupita." Akaweka firimbi mezani. "Kesho utamshika."

"Afande, huyu mama amefiwa."

"Ndiyo maana."

Nilikataa. Akaniambia ni amri. Nikamwambia basi aniandikie. Hatukuwahi kugombana namna hiyo. Mwishowe aliniomba, na Koplo Wekesa kuomba, haki ya Mungu, nilikuwa sijawahi kusikia. Nikakubali.

Kesho yake jioni tulisimama, nyuso zetu hazikuelekea upande mmoja: yeye aliitazama bendera, mimi niliipa mgongo nikatazama barabara. Mama akaja. Nikatoka, nikamshika kiwiko, nikamwambia, "Mama, umevunja sheria. Twende." Barabara nzima ilishtuka. Mama wa samaki akapiga ukemi. Mtu akanirushia kipande cha muwa kikanipata sikioni, na firimbi ya pili ilikuwa bado.

Yeye hakubisha hata kidogo. Mkono wake ulikuwa mkavu na mwepesi. Tulimweka kwenye kile chumba chetu kidogo cha mahabusu, Koplo akatoa blanketi lake na mto wake mwenyewe. Alilala. Dada yake alikuja kulia mlangoni na kututukana, akachungulia, akamkuta amelala fofofo, akanyamaza. Alituambia kwamba tangu azike hakuwa amefumba macho.

Asubuhi Koplo alimfungulia. Mama aliketi kitandani akimwangalia.

"Kwa hivyo ni kweli," akasema.

"Ni kweli."

"Sikuwa na njia."

"Hukuwa na njia, Mama Onyango."

Akakunja blanketi vizuri, akatoka. Hakutembea wakati wa firimbi tena kwa mwaka mzima.

Lakini habari zilienda. Askari amemfunga mama aliyefiwa na mtoto kwa ajili ya bendera: nani hatakasirika? Mimi mwenyewe ningekasirika. Kanisani walitusema, sokoni hawakutaka kumuuzia Koplo hata nyanya. Wakubwa wakamwita ajieleze. Angesema neno moja tu wangemwelewa. Hakusema, kwa sababu neno hilo likishatoka ofisini lingefika Otonglo kabla yake, na lingefika kwa yule mama. Aliandika kwamba alitekeleza kazi. Akapewa uhamisho kwenda kaskazini, kule kwa vumbi, akastaafu hukohuko, akaja kufia kwao Bungoma. Nilienda kumzika. Mtoto wake wa kiume aliniuliza kama ni kweli baba yake alikuwa askari katili Kisumu. Niliweza tu kumwambia kwamba baba yake alikuwa bosi wangu na nilimpenda. Nilirudi njia nzima nikilia bila aibu.

Mambo mawili yalibaki nyuma ya Koplo. La kwanza mmeliona: kila bendera ikishuka, askari mmoja anaipa mgongo na kutazama barabara. Aliliweka yeye siku ya kwanza baada ya mazishi, na mimi nikaliendeleza. Afisa mmoja mgeni aliwahi kunifokea mbele yenu kwamba naitusi nembo ya taifa. Nilimjibu ndiyo afande, na kesho yake nikasimama vilevile. Kama mnataka kujua maana ya utaifa, sina maneno ya hotuba. Simama uangalie nani amebeba nini.

La pili hamkulielewa, na hapo kosa ni langu maana sikuwaambia. Kila mwaka, jioni ya kuamkia Jamhuri, Nyar Uyoma anapita firimbi ikilia. Jioni hiyo tu. Nadhani mwaka ukiisha ile amani yake inaisha pia, anarudi kuuliza. Na kila mwaka mimi nilitoka, nikamshika kiwiko, nikamwambia, "Mama, umevunja sheria," nikamkalisha ndani. Hatukuzungumza sana. Alikuwa akikaa kidogo, anakunywa chai, ananiuliza habari za watoto, halafu namwambia nenda, usirudie. Alizeeka hivyo, nami nikazeeka. Nyinyi mlikuwa mkicheka pembeni kwamba mzee ana mchumba wake wa Jamhuri. Chekeni tu. Niliogopa kuwaeleza kwa sababu mna simu, na jambo likiingia kwenye simu halina mlango wa kurudi.

Miaka ikapita. Ofisi zikabadilishwa majina, sare zikabadilishwa rangi, firimbi ikabaki firimbi lakini watu wakaacha kusimama. Siwalaumu. Wameahidiwa mengi mbele ya mlingoti ule. Nimeona vijana wakijifunga bendera mabegani kama leso na kuimba barabarani, na nimeona tukitumwa kuwafukuza na ile bendera ikianguka chini na kukanyagwa, na wa kukanyaga ni sisi. Siku hiyo nilimkumbuka Koplo, nikaona afadhali hayupo.

Mwaka huu nikastaafu, ikafika Jamhuri. Asubuhi ya sikukuu nilikuwa kwenye foleni ya maji, hapa kwa kioski ya jirani, mtungi wangu uko chini ya bomba. Wenye redio walikuwa wameifungulia gwaride la Nairobi. Nikamwona Nyar Uyoma anakuja, miguu imejaa vumbi, fimbo mkononi. Hakuwahi kufika kwangu hata siku moja.

"Afande," akasema, "wameniacha nipite."

"Nani?"

"Hawa vijana yako. Jana nilitembea, firimbi ikalia, nikangoja mtu atoke. Mmoja akaniambia, pita tu mathe, siku hizi hakuna mtu anasimamanga. Nikamwambia nishike. Akacheka. Ati hata sheria haiko. Ati haijawahi kuwa."

Yule aliyesema hivyo anajijua. Mwanangu, ulimwambia kwa wema, najua. Ulimwona bibi mzee ukamhurumia.

Alinikaribia. "Kwa hivyo hata ile siku?" akaniuliza. "Hata ile siku ningepita tu?"

Mimi sijawahi kuonyeshwa mahali palipoandikwa kwamba mtu lazima asimame. Labda pameandikwa, labda ni sisi tu tulioanza na wengine wakafuata. Pale mbele yangu ule usingizi wote wa miaka yote ulikuwa unataka kuchukuliwa kutoka kwake kwa neno moja.

"Ile siku sheria ilikuwa," nikamwambia. "Huyo kijana ni mgeni, hajui. Imeondolewa."

"Imeondolewa lini?"

"Mwaka huu. Nilipotoka mimi, nayo ikatoka."

Aliniangalia vile alivyomwangalia Koplo mlangoni, miaka ile. Mtungi ulikuwa umejaa unamwagika, watu nyuma yangu wanapiga kelele nitoe.

"Kwa hivyo Onyango angeugua mwaka huu," akasema, "ningepita."

"Ungepita. Tungekuvusha sisi wenyewe."

Akatikisa kichwa polepole. Kwenye redio walikuwa wanapiga mizinga.

"Basi nchi imeendelea," akasema. Akageuka na fimbo yake, akaanza safari ya kurudi Otonglo.

Sijui kama aliniamini. Ndiyo maana nimewaandikia, na hii karatasi mkiisha kuisoma muichome. Atapita hapo tena, namjua, na safari hii hatatembea tu, atawauliza mmoja mmoja. Msimhurumie. Mwambieni sheria ilikuwa, kali sana, na Koplo Wekesa angemshika bila huruma. Akiwauliza iliondolewa lini, semeni mwaka niliostaafu mimi. Sote tuseme mwaka mmoja.